Njaa Iliyomtangulia

Nesi alimminya Benedicta kidole mara mbili ndipo tone la damu likatoka. Aliligusisha kwenye kijiti cha kipimo, akangoja, akatazama kioo kidogo cha mashine, kisha akamwonyesha daktari. Daktari alikuwa mtu mzito, miwani imemshukia hadi ncha ya pua. Hakumtazama Benedicta. Aliitazama namba.

"Kumi na tisa," alisema. "Mama, jana umekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Majani ya maboga."

"Leo asubuhi?"

"Uji. Mtupu."

"Mtupu maana yake nini?"

"Hauna sukari, daktari. Hauna maziwa. Maji na unga."

Daktari aliivua miwani, akawageukia wagonjwa waliokuwa wamebanana kwenye mabenchi ya korido. "Mnamsikia? Hapa kila anayekuja amekula majani ya maboga. Soda hakuna anayekunywa. Chipsi hakuna anayekula. Lakini sukari inapanda yenyewe, kama moshi."

Watu wachache walicheka kwa adabu, maana kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Ukutani palikuwa na bango la mtu mwenye kitambi, amepigwa mstari mwekundu kifuani, na chini yake maneno: PUNGUZA KULA. Benedicta alilisoma bango lile tangu mwanzo hadi mwisho. Kitenge chake kilimzunguka kiuno mara mbili na bado kilikuwa kinateleza. Alikuwa ametoka Kalenga kabla jua halijachomoza, na ndani ya kandambili nyayo zake zilikuwa zinawaka kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto.

Hata nyumbani walikuwa wakimuuliza hivyo hivyo. Ugonjwa wa matajiri umempataje mtu anayelima vitunguu kwenye shamba la kukodi? Mama mmoja wa jumuiya alisema, tena kwa sauti, kwamba Benedicta anakula vyake kwa siri, mlango ukiwa umefungwa. Wengine walisema amekanyaga kitu alichotegewa na wachawi. Wale wa kukanyaga kitu aliwaona wana huruma zaidi.

Alielekezwa chumba cha pili, akafundishwe kujidunga sindano. Humo alikuwemo daktari kijana, Asukile, Mnyakyusa, amefika Iringa mwaka ule ule. Alimpa kiti. Alimwonyesha jinsi ya kushika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, lakini alipotafuta ngozi ya kushika hakupata ya kutosha, akaiweka sindano mezani.

"Mama, samahani nikuulize. Ulizaliwa na uzito gani?"

Benedicta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilizaliwa nyumbani, daktari. Nani angenipima?"

"Mama yako yupo?"

"Yupo. Naishi naye."

"Alipokuwa na mimba yako, kulikuwa na njaa huko kwenu?"

"Kwetu hakujawahi kuwa na njaa," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Iringa ni mahindi. Sisi ndio tunalisha watu wa huko chini."

Asukile alitikisa kichwa, siyo kwa kumkubalia. Alivuta kiti chake karibu. "Nikueleze kitu. Mtoto akiwa tumboni, mama yake akikosa chakula, mwili wa yule mtoto unajibana. Unaokoa ubongo kwanza. Viungo vingine vinajengwa kwa makombo. Kongosho, hili linalotengeneza insulini, nalo linajengwa kwa makombo. Anazaliwa, anakua, analima, anazaa, wala hujui kama ana upungufu. Halafu siku moja kongosho linachoka. Mnene tunamuelewa haraka. Mwembamba kama wewe tunamgombeza."

"Kwa hiyo ndiyo sababu?"

"Sikuambii ndiyo sababu peke yake. Kuna kurithi, kuna mengine mengi, mengine hatuyajui. Lakini aliyekaa na njaa kabla hajazaliwa, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Hilo linajulikana."

"Na binti yangu ana mimba," alisema Benedicta. Lilimtoka tu.

"Anakula vizuri?"

Benedicta aliikumbuka sauti ya binti yake, Happy, kwenye simu wiki iliyopita. *Nipo salama tu, mama.* Ile "tu" ilikuwa imebaki sikioni mwake.

"Yuko kwa wakwe zake, Mbalizi," alijibu.

Asukile aliandika karatasi ya dawa. Kabla hajamkabidhi, alitazama mlangoni, akashusha sauti kama anayeomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. "Kwenye dirisha la dawa insulini imeisha. Jaribu maduka ya nje. Ukikosa, rudi wiki ijayo, labda italetwa."

*

Mama yake, Filotea, alikuwa uani akipukuchua mahindi ya mbegu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, ambaye umri ulikuwa umempinda mgongo lakini haukumlegeza vidole. Benedicta alikaa kwenye kigoda cha pili, akachukua hindi, akaanza kumsaidia.

"Mama, ulipokuwa na mimba yangu ulikuwa unakula nini?"

Vidole vya Filotea vilisimama.

"Nani amekuuliza?"

"Daktari."

"Madaktari siku hizi wanauliza na ya waliokufa." Alirudia kupukuchua, lakini sasa punje zilikuwa zinaruka nje ya ungo. "Nilikula nilichopata."

"Kulikuwa na njaa?"

"Hapana. Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka watu wakaimba. Mahindi yalikuwepo. Baba yako alivuna kihenge kikajaa mpaka shingoni, kingine akakijenga pembeni. Halafu akaenda Mufindi kupasua mbao apate bati za nyumba, gogo likamwangukia."

Hayo Benedicta aliyajua. Alijua kwamba baba yake, Kasian, aliletwa akiwa amefungwa kwenye turubai. Yaliyofuata hakuwahi kusimuliwa.

"Tulipomaliza matanga, akaja Sosthenes na wazee," alisema Filotea. Sosthenes alikuwa mdogo wa Kasian. Benedicta alimwita baba mdogo maisha yake yote. "Akasema mke wa marehemu ni wa ukoo. Anirithi. Nikasema sitaki. Nilikuwa na kiburi, nilikuwa kijana. Akasema sawa, basi kaa humo ndani mpaka uzae, mtoto ni wetu, ukishamwachisha ziwa utaondoka. Na chakula cha ukoo hakiliwi na mtu aliyeukataa ukoo. Akatia kufuli kwenye vihenge vyote viwili."

"Na wewe?"

"Mimi ningekwenda wapi? Wazazi wangu walishakufa. Ningeondoka na tumbo wangesema nimewaibia mtoto. Nikakaa. Nilikuwa naenda kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, nachimba viazi vilivyosahauliwa. Nilikula pumba. Nilikula udongo wa kichuguu, ule mwekundu, unashibisha kwa uongo. Na kihenge kilikuwa pale." Alinyoosha gunzi kuelekea kando ya mparachichi wa jirani, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. "Panya walikuwa wanaingia na kutoka. Niliwaonea wivu panya, mwanangu. Mungu anisamehe."

"Majirani hawakukupa?"

"Majirani walikuwa na macho. Na Sosthenes alikuwa na mdomo."

Punje ziliendelea kudondoka. Kwa mbali mtu alikuwa anawaita ng'ombe kwenye mto Ruaha Mdogo.

"Ulipozaliwa," alisema Filotea, "mkunga alikushika kwa kiganja kimoja. Akaniambia nisikupe jina kwanza."

*

Benedicta alikaa na habari ile siku kadhaa, ikawa kama mfupa uliokwama. Hakujua anataka nini. Mwishowe, Jumapili baada ya misa, alivuka kijito akaenda kwa Sosthenes.

Mzee alikuwa barazani kwake, nyumba ya tofali za kuchoma, bustani ya maparachichi imeteremka mpaka bondeni. Alikuwa na afya. Meno yake karibu yote yalikuwepo. Alikuwa mzee wa kigango, na kwenye misa ya siku ile ndiye aliyesoma matangazo.

"Kamwene, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Nasikia unaumwa."

"Sukari."

"Pole sana. Mtegemee Mungu." Aligeuka akaita ndani, "Mleteeni mgeni soda!"

Msichana alileta soda ya machungwa, tayari imefunguliwa. Benedicta aliipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akaiweka sakafuni karibu na mguu wake.

"Baba mdogo, mama ameniambia habari za vihenge."

Sosthenes hakushtuka. Aliangalia bustani yake, akajikuna kidevu, kama mtu anayejaribu kukumbuka bei ya kitu cha zamani.

"Vihenge vya marehemu kaka," alisema hatimaye. "Yale yalikuwa mambo ya ukoo. Mimi sikuitunga mila. Niliikuta. Na mama yako alikuwa na maneno makali, usimwone hivi alivyo sasa. Wazee walikaa wakaamua."

"Alikuwa na mimba yangu."

"Ndiyo. Na wewe si umezaliwa? Si uko hai? Umesoma mpaka la saba, umeolewa, una binti naye ameolewa. Kipi kilichopungua?"

Benedicta alifungua mdomo. Alitaka kumwambia kuhusu kongosho, kuhusu makombo, yale maneno ya daktari kijana. Lakini pale barazani yalikuwa kama hadithi ya mtoto mdogo. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amelala usingizi mzuri miaka yote hii.

"Daktari anasema njaa ile ndiyo labda imeniletea huu ugonjwa."

Sosthenes alicheka, si kwa ubaya. "Sasa njaa inaletaje sukari? Njaa na sukari! Hao madaktari vijana wanasoma mpaka wanapitiliza." Halafu uso wake ukalainika. "Ukihitaji nauli ya hospitali uje. Sisi ni ndugu. Kunywa soda yako, itapoteza gesi."

Aliondoka bila kuinywa. Alipofika kijitoni alihisi amekasirika, lakini hasira yenyewe haikuwa na pa kushika. Alinawa uso. Kisha akafikiri: kongosho hili langu limekwisha, limejengwa, halivunjwi. La mtoto wa Happy bado linajengwa.

*

Alipanda basi la Mbeya akiwa na mfuko wa karanga, maharage, na dagaa alizofunga kwenye gazeti. Akashukia Mbalizi, akapita katikati ya soko, akaanza kupanda mlima kuelekea kijijini kwa wakwe. Pande zote mbili za njia mahindi yalikuwa yamekauka yanangoja kuvunwa, na mengine yalishavunwa. Ilikuwa nchi iliyoshiba. Hata punda walikuwa wamenenepa.

Happy alikuwa anafua. Aliposimama kumsalimia mama yake, Benedicta aliona kwanza mifupa ya shingo, kisha tumbo. Mimba ya miezi mitano ilikuwa kama ya miwili.

"Mbona umekonda hivi?"

"Ni kichefuchefu tu, mama."

"Kichefuchefu cha miezi mitano?"

Happy alitazama mlangoni. Mumewe, Anord, alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu tangu mwezi wa pili wa mimba, na habari zake zilikuwa za kupitia watu. Pale nyumbani walikuwepo yeye, baba mkwe wake Saulo, na mama mkwe ambaye wote walimwita Mama Anord.

Mama Anord alitoka na kumpokea mgeni kwa shangwe. Alimkumbatia, akamtua mfuko. "Mkwe wangu, karibu, karibu. Mbona hukupiga simu tukuchinjie hata kuku?" Alifungua mfuko, akashukuru kwa kila kitu, kisha akavuta ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni mwake, akafungua chumba cha stoo, akaingiza karanga, maharage na dagaa. Mlango ulipokuwa wazi Benedicta aliona magunia yamepangwa mpaka kwenye kenchi. Mlango ukafungwa. Kufuli ikalia.

Mchana walikula. Mama Anord aliupakua ugali kwa mwiko: bonge la Saulo likapelekwa sebuleni, la mgeni, la kwake mwenyewe, na mwisho akamegea Happy kipande kisichozidi ngumi ya mtoto. Kuku wawili walikuwa wanataga kwenye debe pembeni ya jiko. Mayai yalikuwa kwenye sahani, yamefunikwa.

"Mkwe, mbona mwenye mimba ndiye amepata kidogo?" Benedicta aliuliza, akijitahidi sauti ibaki ya kawaida.

"Ndiyo dawa yenyewe."

"Na mayai?"

"Mjamzito hali mayai. Mtoto anatoka bila nywele." Alisema hivyo harakaharaka, kama salamu. Kisha akaona mgeni hajaridhika. Akaweka mwiko chini. "Mkwe, wewe humjui Blessing."

"Simjui."

"Alikuwa binti yangu wa kwanza. Alipopata mimba nilimlisha. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Maziwa, nyama, ndizi, viazi. Akanawiri mpaka watu wakamsifu. Uchungu ukaanza jioni. Mtoto alikuwa mkubwa, akakwama. Zahanati pale chini hakuna chumba cha upasuaji, nesi akasema mpelekeni mjini. Tukatafuta gari. Mvua, njia imekatika. Gari lilikuja asubuhi." Alikunja kanga yake magotini, akaikunjua. "Wote wawili. Sasa unaniambia nimlishe huyu? Bora mtoto atoke mdogo, atoke mwenyewe. Atanenepa huku nje. Nje kuna nafasi."

Happy alikuwa ameinamisha uso, anakula kipande chake polepole ili kisiishe kabla ya wenzake.

Benedicta alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Alijaribu. Alieleza alivyoelezwa na Asukile, alionyesha mkono wake uliokonda, alieleza kuhusu sindano. Mama Anord alimsikiliza kwa makini kweli. Mwishowe akasema, "Hiyo sukari itakuja mtoto akiwa mtu mzima?"

"Huenda. Akifika umri wangu, au kabla."

"Basi atakuwa amefika umri wako," alisema Mama Anord.

Jioni Saulo alipotoka shambani, Benedicta alimwomba ruhusa ya kuondoka na binti yake, akajifungulie Kalenga. Saulo alikuwa mtu mpole, mwembamba, asiyependa ugomvi. Alisikiliza akiwa anajitoa matope kwenye buti kwa kijiti.

"Mkwe, mahari ilitolewa, mkaipokea," alisema. "Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa baba yake. Anord akirudi akute nyumba tupu, nitamwambia nini?"

"Basi angalau ale. Stoo imejaa."

"Yale siyo chakula, mkwe. Yale ni bati, ni mbolea ya mwakani, ni ada ya wadogo zake Anord walioko bweni. Bei sasa imelala. Tunangoja iamke. Tukianza kuyachota kidogo kidogo, bei itakuta magunia matupu. Hata sisi tunakula kwa kipimo, umeona mwenyewe."

"Na zile karanga nilizoleta?"

Saulo alionekana kuona aibu. "Hizo ni za Mama Anord. Mambo ya jikoni mimi siyaingilii."

Asubuhi, kabla ya kurudi, Benedicta alimsindikiza Happy kliniki ya wajawazito kule zahanati. Nesi alisimama mbele ya wanawake waliokaa chini ya ukuta, ameshika chati yenye picha za samaki, mayai, machungwa, nyama, maziwa. Aliwauliza mjamzito ale makundi mangapi ya chakula, nao wakajibu kwa pamoja kama darasa, bila kukosea. Happy naye alijibu. Aliyajua yote.

Walipotawanyika, Benedicta alimfuata nesi. "Nakuomba twende ukawaambie wakwe zake. Wewe watakusikia."

"Mama, niko peke yangu hapa. Chanjo mimi, kuzalisha mimi, ripoti mimi."

"Ni karibu tu, pale juu."

"Najua. Na nyumba ya pili yake ni hivyo hivyo, na ya tatu." Nesi alikunja chati yake taratibu, asije akaichana. "Na yule mama akiniuliza, mtoto akiwa mkubwa tutampasulia wapi, nimjibu nini? Mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ya Blessing."

Pale nje ya zahanati Benedicta alimnunulia Happy mayai ya kuchemsha kwa mchuuzi. Happy aliyala akiwa amesimama nyuma ya choo, bila chumvi, haraka, akiangalia njia. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa ukingo wa kanga, akanusa vidole, akanawa kwenye bomba.

"Twende wote," alisema mama yake. "Sasa hivi. Basi linapita barabarani."

"Na Anord?"

"Anord atakufuata."

"Hatanifuata, mama. Ataoa huko huko." Alisema bila machozi. "Nitakula, usijali. Nitaiba."

*

Miezi ile mara Benedicta alipata insulini, mara akaikosa. Ikiwepo alijidunga nusu ya alichoandikiwa ili ifike mbali. Macho yalianza kuona ukungu nyakati za mchana. Alipiga simu kila wikiendi, na Happy alisema yupo salama tu. Aliwahi kutuma maharage kwa dereva wa basi. Mama Anord mwenyewe alipiga kushukuru, akasema ameyahifadhi vizuri.

Halafu ikaja simu ya asubuhi: Happy amejifungua, kabla ya wakati, pale pale zahanati. Wote wazima.

Alipofika kule juu mlimani miguu ilikuwa haimsikii tena. Uani palikuwa na kelele za wanaume. Hakuangalia, alinyoosha moja kwa moja ndani. Happy alikuwa amelala kwenye mkeka, mtoto amefungwa kifuani kwake ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyoagiza. Kilichoonekana ni kichwa tu. Kilikuwa kama limau kubwa, na ngozi ya paji la uso ilikuwa na mikunjo ya kizee.

"Wa kike," alisema Happy. "Nesi anasema kilo moja na nusu. Anasema tumpeleke hospitali ya mjini, kwenye chumba cha joto. Baba mkwe amesema wamalize kwanza kazi."

Mama Anord aliingia na beseni la maji. Alipomwona Benedicta aliliweka chini, akamshika mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Umeona, mkwe? Hakukwama! Ametoka kama samaki. Hakuna kisu, hakuna gari, hakuna mvua. Ametoka mwenyewe!" Ilikuwa furaha ya kweli, ya miaka mingi, na Benedicta hakuweza kuichomoa mikono yake.

"Mama," aliita Happy kwa sauti ndogo. "Maziwa hayatoki."

"Umekula nini tangu ujifungue?"

"Chai."

Benedicta alitoka uani kutafuta unga wa uji. Fuso ilikuwa imerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni mwa stoo. Bei ilikuwa imeamka. Wabebaji wenye vifua wazi walikuwa wanatoa magunia ya lumbesa, yameshonewa vilemba mpaka yakavimba kuliko gunia lenyewe, na Saulo alisimama pembeni akiwaelekeza kwa mikono miwili.

"Polepole na hilo! Msilibamize! Litapasuka!"

"Mkwe," alisema Benedicta, "naomba debe moja nimsagie mzazi unga wa uji."

Saulo alimgeukia. Uso wake ulikuwa na jasho na furaha na wasiwasi, vyote pamoja. "Laiti ungekuja jana. Haya yote sasa ni ya mwenye gari, tumeshapatana. Nikitoa debe ataona nimemwibia." Alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mpole aliinama akachukua ufagio wa chelewa uliokuwa ukutani, akampa. "Lakini zinazodondoka siyo zake. Fagia hizo."

Benedicta aliupokea ufagio kwa mikono miwili. Aliinama nyuma ya gari, chini ya miguu ya wabebaji, akaanza kukusanya punje kutoka vumbini, moja huku, mbili kule. Macho yake yalikuwa yanaona ukungu na kuku walikuwa wepesi kuliko yeye.